FAIBA IMECHUJA NA INATOA UNGA? USIKIMBILIE KUPAKA RANGI

Somo la leo ni refu kidogo, kwa hiyo kama uko kwenye daladala lihifadhi kwanza, utasoma ukitulia dukani.

Mimi nauza rangi, misasa, thina na vifaa vidogo vya ujenzi hapa Kikatiti, barabara kuu ya Arusha kwenda Moshi. Mambo haya sikuyasomea chuo. Nilimaliza form four nikaanza kuuza. Mengine nimejifunza kwa kuwauliza mafundi wa bodi wanaokuja kununua msasa, kusoma maandishi ya nyuma ya makopo, na kujaribu kwenye vipande vya bampa vilivyotupwa. Sasa muuza rangi akikuambia USINUNUE RANGI, ujue ana sababu.

Ukanda wetu huu, kuanzia Tengeru, Usa River, Maji ya Chai mpaka huku kwetu, umejaa vitu vya faiba. Kuna boti na mitumbwi ya kutembeza wageni, maana ziwa Duluti liko hapo Tengeru. Kuna bampa na pua za mabasi. Baadhi ya gari za watalii zina mapaa ya faiba. Mahotelini kuna vile vitelezo vya watoto vya kwenye bwawa la kuogelea. Vyote hivyo vikipigwa jua miaka vinapauka, vinakuwa kama vimepakwa chokaa, ukigusa mkono unatoka mweupe. Mwenye mali anaona chombo kimekufa. Ama anakiuza kwa bei ya kutupa, ama anamwita fundi apulize rangi ya gari juu yake. Njia zote mbili mara nyingi anapoteza hela ambayo hakuwa na haja ya kuipoteza, na hapo katikati kuna kazi ya kijana mwenye mashine moja na mikono miwili.

Nitatumia boti kuelezea, kwa sababu kwenye boti ndo kitu hiki kinaonekana vizuri zaidi. Ukielewa boti, vingine vyote vya faiba umevielewa.

Kwanza ujue boti ya faiba inavyotengenezwa, maana inatengenezwa kinyume na unavyofikiri. Hawaanzi na mwili halafu wakapaka rangi mwishoni. Wana kalibu yenye umbo la boti, wanaipaka nta ili kitu kisigande, halafu kitu cha KWANZA kuingia kwenye kalibu ni ile rangi ya nje. Mafundi wa boti wanaiita jelkoti. Ni utomvu mzito wa plastiki uliochanganywa na rangi. Ikishika ndo wanatandika nyuzi za kioo na utomvu mwingine nyuma yake, tabaka juu ya tabaka. Boti ikitolewa kwenye kalibu inatoka tayari inang'aa. Kwa hiyo ile rangi unayoiona nje haijapakwa juu ya boti. Ni ngozi yake ya kuzaliwa.

Ngozi hiyo ni nyembamba, kwenye nusu milimita hivi. Ni nyembamba lakini bado ni nene kuliko rangi ya gari mara kadhaa. Hapo ndipo siri yote ilipo. Jua linaua sehemu ya juu kabisa tu. Miale ya jua inavunja ule utomvu uliokuwa umeshika chembe za rangi, chembe zinabaki hazina kitu cha kuzishika, zinakuwa unga. Chini ya ule unga jelkoti nyingine bado ni nzima na ina rangi yake ile ile ya siku ya kwanza.

Na huku kwetu jua halina huruma. Tuko karibu nyuzi 3 tu kusini ya ikweta, halafu tuko juu. Kila ukipanda mita 1,000 kutoka usawa wa bahari, ile miale inayochoma inaongezeka kwa kama asilimia 10. Ziwa Duluti liko zaidi ya mita 1,200. Watu wanadanganyika kwa sababu huku chini ya Meru kuna baridi, wanaona jua si kali. Baridi ni ya hewa, jua ni lile lile. Boti nyekundu na ya bluu ndo zinaonyesha kuchuja haraka zaidi, nyeupe inaficha.

Watu wa Pwani walishalijua jambo hili kwa njia yao kabla faiba haijafika. Majahazi na madau ya mbao hayaachwi makavu. Juu wanapaka sifa, yale mafuta ya samaki kama papa, na chini wanapaka deheni, mafuta ya mnyama yaliyochanganywa na chokaa. Tena hawapaki mara moja, wanarudia na kurudia. Faiba ikaja watu wakaambiwa haiozi, wakasikia HAIHITAJI KITU. Ni kweli haiozi kama mbao. Lakini ngozi yake inataka kulindwa vile vile.

Sasa twende kwenye kazi yenyewe, na hapa naomba usiruke, maana pesa yako inapatikana au inapotea kwenye UKAGUZI, kabla hujafungua hata kopo moja.

Kuna mzee mmoja wa Usa River aliniita mwaka jana. Alikuwa na boti ndogo ya mita 4 hivi, ya makasia, juu bluu chini nyeupe, imekaa uani kwake miaka mingi juu ya trela lililooza matairi. Ile bluu ilikuwa imekuwa kijivu cha majivu kabisa. Alikuwa amepata mnunuzi anayetaka kuipeleka Nyumba ya Mungu kwenye uvuvi. (Maji ya mito yetu ya huku Meru yanaingia Kikuletwa yanaishia kwenye bwawa hilo hilo, kwa hiyo boti ilikuwa inafuata maji tu.) Mnunuzi kaizunguka, kapitisha kidole, kasema faiba imeoza, nakupa laki tisa. Fundi mwingine kamwambia mzee aipake rangi ya gari, laki nne na nusu.

Nilipofika nikaomba ndoo ya maji.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Kijana, nimekuita upige rangi, sasa maji ya nini tena?"

"Subiri kwanza mzee wangu, tuiulize boti yenyewe."

Nikamwaga maji ubavuni. Ile sehemu iliyolowa ikawa bluu. Bluu ya kweli, imekolea. Mzee akasogea akainama. Baada ya dakika chache maji yakakauka, kijivu kikarudi.

Hicho ndo kipimo cha kwanza na hakina gharama. Faiba iliyochuja ukiilowesha rangi ikarudi, maana yake rangi ipo, kilichokufa ni uso tu. Maji yanajaza vile vijishimo vidogo vya juu na mwanga unapita vizuri. Ukilowesha na bado pamebaki na mabaka meupe au unaona kama nyuzi nyuzi, hapo jelkoti imekwisha. Nyuzi zikionekana HAKUNA polishi duniani itakayorudisha. Hiyo ni kazi ya kupaka jelkoti mpya au rangi, mwambie mwenye mali ukweli na uondoke na heshima yako.

Kipimo cha pili, tafuta sehemu iliyokatika au kuchubuka, angalia kingo zake. Kama unaona tabaka la rangi moja juu ya rangi nyingine, au linabanduka kama ganda la kitunguu, basi chombo hicho kilishapakwa rangi zamani na unachokiona si jelkoti. Bampa nyingi za mabasi ziko hivi. Rangi ya gari ina tabaka la juu la kung'aa, jembamba sana. Likishaanza kubanduka mabaka mabaka, kusugua hakusaidii, kunamaliza. Kwenye jelkoti halisi ukiangalia palipochubuka rangi inaingia ndani, haibanduki.

Kipimo cha tatu, toa sarafu ya mia mbili mfukoni ugonge boti taratibu kila mahali, hasa chini na kwenye pembe. Faiba nzima inalia kavu, ko ko ko. Ukifika mahali sauti inakuwa nzito kama unagonga mfuko wa unga, ndani tabaka zimeachana au kuna maji. Angalia pia malengelenge sehemu iliyokuwa inakaa majini. Lengelenge ukilitoboa likatoa maji yenye harufu kali kama siki, hilo ni tatizo la ndani. Boti kama hiyo ukiing'arisha utakuwa unamsaidia muuzaji kumdanganya mnunuzi. Mimi sikubali kazi hiyo hata kwa bei gani, kwa sababu mnunuzi akizama ataulizwa nani aliitengeneza.

Na wewe unayenunua vitu used chukua hii: kuna watu wanapaka mafuta ya kula, dizeli au ile dawa ya kung'arisha matairi siku moja kabla ya mteja kuja. Boti inang'aa vibaya sana. Beba kitambaa chenye maji ya sabuni, sugua sehemu moja kwa nguvu, kausha. Kama kijivu kimerudi, rudi mezani mpange bei upya.

Boti ya mzee ilifaulu vipimo vyote. Ilikuwa na mpasuko mmoja mdogo pembeni, mengine ni vumbi la jua tu. Nikamwambia aachane na laki tisa kwa wiki moja.

KUOSHA. Watu wanadharau hatua hii. Uchafu ukibaki, wewe na msasa wako mnausugulia ndani ya faiba. Osha kwa maji mengi na sabuni ya kawaida na brashi laini. Madoa ya kutu na yale ya majani yanayooza majini, kamulia limau, acha dakika kadhaa, suuza vizuri. Jiki si ya kuzoea, inakausha uso unaotaka kuuokoa. Stilwaya usiiguse kabisa, inaacha vipande vidogo vya chuma ambavyo wiki ijayo vinakuwa nukta nukta za kutu. Ikikauka, pitisha kitambaa chenye spiriti kuondoa mafuta na nta ya zamani.

Kama kuna mpasuko au shimo dogo, zibe sasa hivi kabla ya jambo lingine, kwa jelkoti ya kuzibia yenye rangi inayofanana. Inachanganywa na hadina kidogo sana, matone tu, fuata kopo linavyosema. Hadina hiyo ikiingia jichoni inaweza kukupofusha, kwa hiyo miwani ni lazima, usinichekee. Kwa nini uzibe kwanza? Kwa sababu ukishapaka nta hakuna kitu kitashika tena juu yake.

SASA KUSUGUA. Kanuni yangu ni moja tu hapa: anza na kitu kipole kuliko vyote, uone kama kinatosha. Chagua sehemu ya kiganja mbili, mahali pasipoonekana sana. Jaribu kompaundi peke yake kwa mkono. Ikitoka unga na mng'aro ukaja, umemaliza, boti nzima haihitaji msasa. Umejiokolea siku nzima. Kumbuka unacheza na nusu milimita na hairudi, kila unachokitoa umekitoa moja kwa moja. Fundi mwenye haraka anaanza na msasa namba 400 kwa sababu unakula upesi, kisha anahangaika kutwa kuondoa mikwaruzo aliyoiweka mwenyewe.

Kama kompaundi haikutosha, kama ilivyokuwa kwa mzee, ndo unaingia msasa wa maji. Boti yake nilianza na 800, nikaenda 1000, 1500, nikamalizia 2000. Msasa uloweke kwenye ndoo kwanza, weka na tone la sabuni ili uteleze. Usiushike kwa vidole vitupu, vidole vinachimba mifereji ambayo utaiona jua likipiga. Kata kipande cha kandambili kuukuu, funga msasa juu yake. Ni kifaa cha bure na kinakaa vizuri kwenye mikunjo ya boti kuliko kile kibao cha kununua.

Kuna ujanja mmoja ambao umenisaidia sana. Chukua penseli ya kawaida, chora mistari mistari sehemu unayotaka kusugua. Sugua mpaka mistari iishe, ACHA, nenda sehemu inayofuata. Penseli inakuonyesha wapi hujafika na inakuzuia kurudia palipokwisha. Na kila ukibadilisha namba ya msasa badilisha na mwelekeo: 800 ulikwenda mlalo, 1000 nenda wima. Hivyo mikwaruzo ya zamani ikibaki utaiona inakatiza. Suuza kabisa kati ya namba na namba, na maji ya ndoo ubadilishe. Chembe moja ya 800 ikibaki ndani ya maji ya 2000 itakuchorea boti nzima.

Kwenye pembe na kingo za boti bandika tepu ya karatasi mwanzoni, uziache kwa mkono mwishoni. Kingo ndo zina jelkoti nyembamba kuliko sehemu nyingine na ndiko watu wengi wanatobokea.

Ukimaliza 2000 boti itakuwa laini kama yai lakini bila mng'aro. Mzee alipoiona hapo alinyamaza tu. Ndivyo inavyokuwa, mteja mwambie mapema asije akapata presha.

MASHINE. Ile ya kupolishi inazunguka taratibu, na unaweza kuipunguza. Mimi naweka kwenye mizunguko 1,200 hadi 1,500 kwa dakika. Usije ukafunga sponji kwenye grenda ya kukatia chuma, ile inakwenda zaidi ya 10,000, itaunguza jelkoti kabla hujasema "aa". Tumia pedi ya manyoya kwa kompaundi. Weka matone machache, yasambaze kwanza mashine ikiwa haizunguki, kisha washa, fanya eneo la nusu mita kwa nusu mita, mashine iwe inatembea muda wote. Gusa kwa kiganja kila mara. Uvuguvugu ni sawa. Ikiwa moto wa kukutoa mkono, toka hapo.

Usifanye kazi hii juani. Kompaundi inakauka inaganda, unaanza kupambana nayo badala ya kupambana na mikwaruzo. Asubuhi mpaka saa nne, halafu tena jioni, chini ya kibanda au turubai. Chini ya mti hapana, ndege hawana adabu. Umeme ukikatika, na unakatika, unaweza kuendelea kwa mkono na kitambaa cha pamba, ila panga muda mara tatu. Waya wa mashine upitishe begani usiburuzike kwenye boti, na kwenye maji ya kusuguliwa usilete mashine ya umeme mpaka pamekauka.

Kuna kitu mafundi wengi hawasemi. Kompaundi ina mafuta ndani yake, na mafuta yale yanaficha mikwaruzo. Leo boti inang'aa, mteja analipa, baada ya wiki tatu mafuta yameondoka na ukungu umerudi, simu inaanza kuita. Kwa hiyo kabla ya kusema umemaliza, futa kwa spiriti, tazama kwa pembeni mwanga ukiwa unapiga kwa ubavu. Kama bado inang'aa baada ya spiriti, mng'aro huo ni wa boti yenyewe.

Kisha NTA. Hapa usiwe bahili, kwa sababu ulichofanya mpaka sasa ni kuondoa ngozi iliyokufa, na iliyobaki iko uchi. Ukiiacha hivyo kwa jua letu itachuja upesi kuliko mwanzo. Nta ya gari ya kopo, ile ngumu, inafaa. Paka nyembamba, subiri ifanye ukungu, futa kwa kitambaa safi, subiri saa chache, rudia mara ya pili. Nta nene haimaanishi ulinzi zaidi, ni kazi zaidi ya kufuta. Na MUHIMU: sakafu ya boti na kila mahali mtu anapokanyaga usipake nta hata kidogo. Mtu akiteleza na mtoto mkononi boti ikiwa katikati ya maji, hapo hakuna tena habari ya kung'aa.

Vumbi la faiba nalo si vumbi la kawaida, ndani kuna kioo. Msasa wa maji unapunguza kupeperuka, lakini barakoa vaa, mikono mirefu vaa, na nguo za kazi zisifuliwe pamoja na za mtoto. Usiku ukijikuna mwili mzima utanikumbuka.

Tuongee hela sasa, maana najua wengine mmeruka mpaka hapa. Kwenye boti ile nilitumia karatasi kumi za msasa, 15,000. Kompaundi makopo mawili, 28,000. Nta 18,000. Tepu, spiriti, sabuni, vitambaa na barakoa 14,000. Boda ya kubeba vitu kwenda na kurudi 10,000. Msaidizi siku mbili, 30,000. Jumla 115,000. Nilimtoza mzee 260,000, ikabaki 145,000, na humo natenga 20,000 ya pedi na uchakavu wa mashine. Kwa hiyo kwa siku mbili nimebaki na 125,000 mkononi. Mashine nilinunua used 130,000, kazi moja hiyo karibu imeilipa. Vifaa nimejihesabia kwa bei ninayowauzia wateja dukani, si kwa bei ya jumla. Ukijihesabia bei ya jumla utakuwa unajidanganya, duka linakufa huku unasema kazi inalipa.

Namna ya kutoza nayo ina utata. Wapo wanaotoza kwa urefu wa boti. Mimi natoza kwa hali. Boti ya kompaundi peke yake na boti ya msasa hatua nne haziwezi kuwa bei moja hata zikilingana urefu, ndo maana lazima ukague na ujaribu kipande kabla ya kutaja namba. Ukitaja bei kwa picha ya WhatsApp umeumia, picha haionyeshi unga. Na kile kipande cha majaribio kifanye mteja akiwa amesimama pale. Hakuna maneno ya kuuza yanayozidi mraba mmoja wa bluu katikati ya boti ya kijivu.

Mzee yule mnunuzi wake alirudi ndani ya wiki ile. Kwanza alifikiri imepakwa rangi, akakwaruza kwa ukucha kwenye kona. Mzee akampa sarafu agonge mwenyewe. Boti ilikwenda kwa milioni moja na nusu. Toa 260,000 yangu, mzee alibaki na 340,000 zaidi ya zile laki tisa. Ile rangi ya laki nne na nusu ingekula sehemu kubwa ya faida hiyo, na faiba inayotoa unga ikipakwa rangi bila kusuguliwa rangi inashika unga, haishiki boti. Nimeona bampa za namna hiyo, rangi inatoka vipande kama karatasi.

Soko la kazi hii si la boti za Duluti tu. Januari 2024 pale Mwanza Rais Samia Suluhu Hassan aliwakabidhi wavuvi wa Ziwa Victoria boti za kisasa na vizimba vya kufugia samaki kwa mkopo. Boti za kisasa siku hizi nyingi ni faiba. Leo zinang'aa, lakini jua la ziwani linapiga juu na linarudi kutoka kwenye maji. Kama uko Mwanza, Bukoba au Musoma na una duka la rangi, anza kuweka msasa wa 1000 kwenda juu na nta, hata kama leo hakuna anayeuliza. Huku kwetu msasa wa 2000 nilikuwa nauza karatasi mbili kwa mwezi, sasa hivi naagiza kwa boksi kwa ajili ya vijana wa Usa na Maji ya Chai wanaofanya bampa na mapaa ya gari za watalii.

Kitu cha mwisho ni kurudia. Nta yetu kwa jua hili naihesabia miezi mitatu mpaka minne kwa chombo kinacholala nje. Kinacholala kivulini au chini ya turubai kinakwenda zaidi, ila turubai lisigande kwenye faiba, acha hewa ipite la sivyo unyevu utakaa humo. Kupaka nta upya ni kazi ya nusu siku, natoza 40,000 na vifaa havifiki 10,000, kwa sababu kopo moja linafanya boti kadhaa. Kwa hiyo kila kazi ninayomaliza naandika kwenye daftari: jina, simu, aina ya chombo, tarehe ya nta. Tarehe moja ya kila mwezi nafungua daftari napiga simu. Sisemi "nipe kazi". Namwambia mwagia maji boti yako leo uangalie: yakikusanyika matone matone nta bado ipo, yakitandaa kama kwenye ukuta wa tope nta imeisha, nitakuja Jumamosi. Wengi wananipigia tena jioni ile ile.